UZI: Sungura skauti hufanya nini hasa kila Jumamosi? Niko nao mwaka wa 7, ulizeni

Bi_Changamwe:

Asalaam aleikum na habari zenu nyote. Jumamosi iliyopita baba mmoja kanisimamisha langoni, kaniuliza, anti humu ndani mnawafanya nini hawa watoto maana wangu anarudi na vumbi mpaka masikioni na daftari hana. Nikamjibu mawili matatu kwa sababu nilikuwa na funguo mkononi na kuna watoto wawili hawajachukuliwa bado, lakini lile swali nimelala nalo. Wazazi wengi wanaona skafu shingoni, wanaona watoto wakipita kwenye gwaride la Madaraka, basi wanadhani skauti ndio hiyo. Siyo. Kwa hivyo naandika, na ni refu, mwenye haraka arudi jioni.

Kwanza ngazi. Hapa Kenya mtoto wa miaka 6 mpaka 10 hivi ni Sungura, akipita hapo anakuwa Chipukizi, halafu Mwamba akiwa sekondari, halafu Jasiri, hao ni vijana wakubwa wa vyuo vikuu na makazini. Nchi nyingi watoto wa umri huu wanapewa mfano wa mbwa mwitu, ndivyo alivyoanza nao Baden-Powell, mzee aliyeanzisha skauti, mwaka 1916 alipowatengenezea wadogo mpango wao. Sisi tuna sungura, na mimi naona tulichagua vizuri sana, maana mtoto wa hapa hata kabla hajaingia duarani ashasikia hadithi za sungura, anajua huyu ni mdogo kuliko fisi na simba na wote anawapita kwa akili. Hujamfundisha kitu na somo la kwanza lishaingia.

Sasa kundi letu. Watoto 24, wamegawanywa vikundi 4 vya watoto 6 6. Majina ya vikundi walichagua wenyewe, wote wa samaki: Changu, Tasi, Kolekole na Nguru. Kila kikundi kina kiongozi wa miaka 9 au 10 na msaidizi wake, wengine ni wa miaka 6, 7, 8. Sisi watu wazima tuko 4. Nataka mshike hapo kwenye sita, kwa sababu hapo ndipo skauti ya wadogo ilipo, mengine yote ni mapambo. Mtoto hafundishwi na mimi. Mtoto anafundishwa na yule wa miaka 9 aliye ubavuni mwake, na mimi kazi yangu ni kuhakikisha yule wa miaka 9 anajua, halafu nijizuie. Kujizuia ndo kazi ngumu kuliko zote, wallahi, mwaka wa 7 huu na bado mikono inaniwasha.

Tunaanza saa nane mchana. Kwa nini saa nane na jua lote lile la Mombasa? Kwa sababu asubuhi nusu ya watoto wako madrasa na wengine wana tuisheni, na ikikaribia saa kumi alasiri inaingia, kwa hivyo tuna saa moja na nusu tu na tunakaa chini ya miarobaini. Makundi mengi ya Kenya yako ndani ya shule na hukutana siku za wiki baada ya masomo, sisi tumechagua Jumamosi kwa sababu watoto wetu wametoka shule tofauti tofauti.

Tunasimama duara, bendera, halafu dua kimya, kila mtoto kwa dini yake. Halafu ukaguzi, na ukaguzi haufanywi na mimi, kiongozi wa Changu anapita kwa Changu wake, kucha, leso, kipande cha kamba, viatu vimefungwa au havijafungwa. Halafu mchezo wa kukimbia, lazima utangulie, mtoto wa miaka 6 ambaye hajatoa jasho hawezi kukusikiliza. Baada ya hapo jambo moja la kujifunza, moja tu, dakika 20 na siongezi. Halafu wanakaa chini wanapigwa hadithi. Hadithi wanayoiomba kila mara ni ya Owen, yule kiboko mtoto aliyepotezana na wenzake wakati wa tsunami ya Desemba 2004 akaokolewa kule Malindi akaletwa Haller Park hapa Bamburi, akaenda kujibanza kwa kobe mzee kabisa aliyekuwa akiitwa Mzee, wakawa hawaachani. Ni ya kweli na imetokea kwao, wengine mama zao walienda kuwaona kwa macho. Baada ya hadithi duara tena, bendera inashuka, tunaachana.

Niwaonyeshe kitu kimoja tu mnielewe. Mwezi wa pili tulipokea mtoto wa miaka 6 ambaye hajui kufunga kamba za kiatu. Kiongozi wa Tasi, msichana wa miaka 9, alikaa naye chini. Hakukaa mbele yake, alikaa ubavuni mwake wakaangalia upande mmoja, maana ukikaa mbele ya mtu fundo analiona kinyume. Akafungua kamba za kiatu chake mwenyewe, akafunga polepole, kisha akaweka mikono yake yote miwili nyuma ya mgongo akaikalia kabisa, asije akamnyang'anya mwenzake. Yule mdogo alikosea, akakosea, akafunga fundo likafunguka alipoinuka. Jumamosi ya kwanza, ya pili. Ya tatu aliingia langoni anakimbia na viatu vimefungwa na akawa anamtafuta yule msichana, hakunitafuta mimi. Mimi kwa sekunde 10 ningemfungia, na asingejua mpaka leo.

Ulizeni.

baba_pacha254:

Asante sana anti kwa uzi huu nimesoma wote. Nina pacha wa miaka 7 mvulana na msichana. Maswali yangu: gharama ni kiasi gani maana hali ya uchumi mnaijua, pili msichana anakubaliwa au aende kwa wenzake, tatu mke wangu anaogopa ni mambo ya kijeshi, amri na kupiga kelele. Na hao pacha watawekwa pamoja ama watatenganishwa?

Bi_Changamwe:

Karibu baba pacha. Msichana anakubaliwa, skauti Kenya inapokea wote, kundi letu wasichana ni 13 kati ya 24. Girl Guides nao wana mpango wao wa watoto wadogo na ni mzuri, kama karibu nawe kuna kikundi chao waweza kwenda kuangalia, ila ukitaka pacha wawe mahali pamoja basi ni huku.

Pesa, kwetu sisi mtoto analeta shilingi 30 kila Jumamosi, inanunua chaki, kamba, maji na dawa za kisanduku cha huduma ya kwanza. Asiyekuwa nazo anaingia vilevile na hakuna mtoto anayejua nani katoa nani hakutoa, hilo mimi ni mkali nalo. Makundi mengine wana ada zao, uliza. Na nakuomba sana usikimbilie kununua sare. Mtoto anakuja na nguo zake za kucheza kama miezi 3 hivi, akishajua wenzake na akishaelewa anaahidi nini ndo anaweka ahadi mbele ya kundi, ahadi kwa Mungu na kwa nchi yake na kusaidia watu, na siku hiyo ndo anavishwa skafu. Kuna mzazi alinunua kila kitu siku ya kwanza, mtoto akaja kavaa skafu mpya na ilibidi nimwambie aivue. Alilia na aliyeumia zaidi ni mimi.

Ujeshi hakuna. Firimbi ninayo na naipiga mara moja uwanja mzima unanyamaza, lakini hakuna anayepigiwa kelele. Gwaride kwa Sungura ni kusimama sawa na kugeuka kulia na kushoto, na kwa mtoto wa miaka 6 kujua kulia na kushoto ni somo zima.

Pacha tutawatenganisha, mmoja Nguru mmoja Kolekole. Watalalamika kama wiki mbili, uwe tayari.

mama_watatu:

Naomba nisionekane mbaya ila lazima niulize. Watoto wadogo hivyo wako na watu wazima ambao siwajui, Jumamosi shule imefungwa. Nitajuaje wako salama? Mimi nimeshasikia mengi.

Bi_Changamwe:

Dada hujawa mbaya, mzazi asiyeuliza hili ndo ananitisha. Kiongozi yeyote wa skauti akikasirika kwa swali hili mchukue mtoto wako uondoke.

Kwetu hakuna mkutano wenye mtu mzima mmoja. Wawili ndo mwanzo, na kama mwenzangu amechelewa tunakaa nje langoni na wazazi mpaka afike. Hakuna mtu mzima anayekaa na mtoto mahali palipofungwa, choo watoto wanaenda wawili wawili wenyewe, akijichafua mtoto anasaidiwa na watu wazima wawili na mzazi anapigiwa simu hapohapo. Hakuna kiongozi anayemtumia mtoto ujumbe, habari zote zinapita kwenye grupu la WhatsApp la wazazi. Mtoto anakabidhiwa kwa aliyeandikwa kwenye fomu, hata kama aliyekuja ni mjomba wake mwenye kucheka naye, kama hayuko kwenye fomu napiga simu kwanza. Na kiongozi mwenyewe anapitia mafunzo, kuna ya kulinda watoto ambayo yanafanywa mtandaoni, na kuna ya uongozi ambayo ukiyamaliza unavishwa zile shanga mbili za mti. Ukiona mtu ana shanga mbili shingoni juu ya kamba ya ngozi ujue amesoma mpaka mwisho. Muulize pia kundi limesajiliwa kwa kamishna wa skauti wa kaunti au vipi, mwenye kundi halali atakuonyesha karatasi.

Na njoo ukae. Hatufungi geti kwa mzazi.

Niongeze jambo nililopitia mwenyewe, mlijue. Mwaka wangu wa 2 tuliwapeleka Mama Ngina, pale kando ya bahari hapa Mombasa. Watoto walikuwa na kazi ya kuhesabu meli zinazoingia bandari ya Kilindini na kuchora bendera zake, halafu tukawanunulia mihogo ya karai na ndimu na pilipili kidogo, wakakaa chini ya mibuyu. Wakati wa kuondoka kabla sijaanza kuhesabu kiongozi wa Changu, mvulana wa miaka 10, kanivuta buibui, "Anti, kwetu tuko watano. Hayupo yule wa kandambili nyekundu." Mwili wote ulinipoa. Bahari iko pale, ferri iko pale, watu wamejaa. Kwa dakika 4, na nilizihesabu, sikujua mtoto huyo yuko wapi. Alikuwa upande wa pili wa mbuyu, na wenye kuijua mibuyu ile mnajua shina lake linaficha hata gari dogo, amekaa kimya na karatasi yake anachora meli ya makontena, alitaka amalize madirisha. Hakusikia mtu akimwita.

Usiku ule nilitaka kuacha. Nilienda kwa mama yake nikamwambia yote, sikuficha, na yeye ndo alinirudisha. Tangu siku ile tukitoka nje kila mtoto ana mwenzake wa kushikana mkono, na kila firimbi ikilia kikundi kinajihesabu chenyewe na kiongozi anapaza sauti, "Changu sita!", "Tasi sita!", ndo mimi nahesabu 24 wangu. Yule mvulana alijua mapema kuliko mimi kwa sababu yeye alikuwa na watoto 5 wa kuwaangalia, mimi nilikuwa na 24. Ndo maana nawaambia mshike hapo kwenye sita.

TangaRaha:

Umenikumbusha mbali bi mkubwa. Mimi nilikuwa skauti Tanga, tukiwa wadogo tulikuwa tunaitwa kabu. Mpaka leo nikikutana na skauti namsalimia kwa mkono wa kushoto, mke wangu mwanzo aliona ni dharau hahaa. Hebu tueleze beji, sisi tulikuwa tunazigombania sana.

Bi_Changamwe:

Mkono wa kushoto tunawaeleza watoto kuwa ndio ulio upande wa moyo, na tunawaambia wazi huku ni kwa skauti kwa skauti tu, ukimpa bibi yako mkono wa kushoto utakuwa umemkosea adabu.

Beji zipo na watoto wanazipenda, sizidharau, ila nimeona kundi ambalo beji ndo zimekuwa mtihani, mtoto anakariri kisha anasahau. Kwetu mtoto hapati beji mpaka amfundishe mwenzake jambo hilohilo na yule mwenzake aweze. Inachukua muda, wazazi wengine wananung'unika, wacha wanung'unike.

mvuvi_likoni:

Mimi sikusoma sana lakini kamba nazijua. Hilo fundo mnalowafundisha watoto kwanza, lile la kulia juu ya kushoto, kushoto juu ya kulia, linalala bapa zuri kwa bandeji na kufunga furushi, ila waambieni wasije wakaungia kamba mbili za kuvuta kitu kizito, kamba moja ikiwa nene na nyengine nyembamba linateleza. Kwenye bahari lingeua mtu.

Bi_Changamwe:

Kaka umesema kweli kabisa na ndivyo tunavyowaambia, hilo ni la bandeji. Tunalifanya kwa kamba za rangi 2 waone kila ncha inapita wapi, likitoka sawa rangi zinakaa kama vitanzi viwili vimekumbatiana, likikosewa linakaa mshazari na mtoto analiona mwenyewe bila kuambiwa.

Kwa kuokolea tuna lile la kitanzi kisichojikaza, na hilo lina hadithi yake ambayo Sungura wangu wanadhani ilitungwa kwa ajili yao. Unatengeneza kishimo kwa kamba, ncha ndo sungura, sungura anatoka shimoni, anazunguka mti, anarudi shimoni. Vuta. Watoto 24 wanasema kwa pamoja, utasikia mpaka barabarani.

mvuvi_likoni:

Ahaa hilo! Sisi tunalitumia kila siku, sikujua lina sungura ndani. Babu alinifunza nikiwa na miaka 8, alikuwa hasemi kitu, anafunga, anafungua, ananirushia kamba.

mama_watatu:

Anti nimekuelewa, asante kwa kutuambia na hiyo ya Mama Ngina, wengi wangeficha. Swali jengine, mwanangu wa mwisho ana aibu sana, darasani hasemi kabisa. Si ataonewa huko?

Bi_Changamwe:

Katika watoto 24 anaweza kupotea, katika 6 hapotei. Kuna mmoja alikaa miezi 4 bila kutoa neno, hata dua. Mimi nilikosea mwanzoni nikawa namuita mbele ili nimchangamshe, akawa anajikojolea karibu na muda wa duara. Nikaacha. Kiongozi wake wa Kolekole bila kuambiwa na mtu akampa kazi ya kubeba kamba za kikundi, azitoe, azihesabu, azirudishe. Kazi ya kimya. Siku moja kamba moja ikakosekana na huyo mtoto akasema kwa sauti, "Mbili za buluu, moja haipo." Hayo ndo yalikuwa maneno yake ya kwanza. Hakuna aliyepiga makofi, namshukuru Mungu, wote walianza kutafuta kamba.

Mlete, na usimuahidi zawadi akiongea.

Jasiri_wa_mlimani:

Salamu kutoka Nyeri. Kwa walio na nafasi, waleteni watoto huku siku ya Mwanzilishi, 22 Februari, ndo siku aliyozaliwa Baden-Powell mwaka 1857. Aliishi hapa miaka yake ya mwisho kwenye nyumba ndogo aliyoiita Paxtu, akafariki 8 Januari 1941, kaburi linatazama Mlima Kenya. Skauti wanatoka nchi nyingi kuja kuliona. Watoto huwa wanauliza sana kuhusu ile alama kwenye jiwe.

Bi_Changamwe:

Duara lenye nukta katikati! Sungura wangu wanaijua bila kufika Nyeri. Tuna mchezo wa kufuata njia, kikundi kimoja kinatangulia na chaki na vijiti, kinaacha mishale, kinaweka alama ya X mahali pasipopitwa, na mwisho wa njia kinachora duara na nukta, maana yake nimekwenda nyumbani. Tunaucheza ndani ya uwanja na nyuma ya jengo, barabarani hapana. Niliwahi kuwaeleza kuwa alama hiyohiyo iko juu ya kaburi la mzee kule Nyeri, wakanyamaza, kisha mmoja wa miaka 7 akasema, "Kwa hivyo aliwaachia wenzake alama wasimtafute." Sikuwa na la kuongeza. Siku nikipata nauli ya watoto 24 nitawaleta, inshallah, mtuwekee chai.

baba_pacha254:

Nimemsomea mke wangu uzi wote na amekubali. Jumamosi hii tunakuja. Waje na nini?

Bi_Changamwe:

Chupa ya maji, kofia, viatu vya kufunga na siyo kandambili, leso, na kamba ya mita moja na nusu kila mmoja, hata ile ya kuanikia nguo. Jina liandikwe kwenye chupa. Wewe na mama yao mje na vitambulisho tujaze fomu, muandike na namba za simu za watu wawili wa kuwachukua. Kisha mkae kwenye benchi la chini ya mwarobaini wa pili na wazazi wengine, na akianguka mmoja msiinuke. Atainuliwa na Nguru.

mvuvi_likoni:

Anti mie nina kamba za zamani za mashua, safi, nene na nyembamba. Nikizileta saa nane wataniruhusu kuingia?

Bi_Changamwe:

Utaandika jina langoni kama kila mtu na utakaa na mimi na mwenzangu. Na ufunge polepole kaka, ukae ubavuni mwao, usikae mbele.